Aliyebaki Ndani ya Injini

Fundi Sikio alifika kwa mkunga mstaafu jua likiwa linaaga, begi la spana begani, bisibisi yake ndefu imechomoza mfukoni. Ilikuwa kazi ya kawaida tu. Asikilize injini ya gari la zamani inayogonga, aseme imechoka wapi, arudi zake nyumbani.

Jina la Sikio alibandikwa na mafundi wenzake, kwa sababu hakuwa mtu wa kufungua injini kabla ya kuisikiliza. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, akafumba macho kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa. Vijana wa gereji walimtania. "Sikio la kufa halisikii dawa, mzee!" Naye aliwajibu, "Langu bado linahema. Subirini kidogo." Walicheka, wakarudi kwenye magari yao mapya yanayopimwa kwa kompyuta. Makongwe walimwachia yeye.

Na jioni kila mmoja aliporudi kwa watu wake, yeye alirudi kwa kuta. Tangu mkewe afariki, nyumba ilikuwa imempwaya kama koti la kuazima. Dada yake hakuchoka kumpigia simu. "Kaka, njoo ukae kwetu. Nyumba isiyo na mtu wa kukuuliza umekula nini, hiyo si nyumba." Sikio alijibu kwamba atafikiria. Hakufikiria. Alilala upande wake wa kitanda, upande wa pili akauacha ulivyo.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Pita huku nyuma."

Mkunga alikuwa bibi mrefu, mgongo bado umenyooka, mikono mikubwa na safi. Nusu ya watu wa mtaa ule walikuja duniani kupitia mikono hiyo. Alimpeleka kwenye banda la mabati lililoegemea ukuta wa chumba chake cha kulala. Humo ndani lilikuwamo gari la rangi ya maziwa, taa zake za mviringo, bodi inang'aa bila hata chembe ya vumbi. Lakini matairi yalikuwa yamepasuka-pasuka pembeni. Yalishakaa mahali pamoja miaka mingi.

"Hili haliendi popote, mama?"

"Haliendi. Naliwasha tu. Kila jioni."

"Ili iweje?"

Bibi alifungua mlango wa gari. Aliingia, akaketi nyuma ya usukani, akazungusha ufunguo.

Injini iliwaka. Tak-tak-tak-tak... Sikio alitabasamu. Hiyo hata mtoto angeijua. Vali ndizo milango ya injini. Hufunguka ikavuta hewa, hujifunga, hufunguka tena ikatoa moshi. Juu ya kila vali kuna roka inayoibonyeza, tapeti inayoisukuma hiyo roka, na springi inayoirudisha vali. Vikilika hivyo, milango hubamiza. Alifungua boneti, akaweka bisibisi juu ya chuma na mpini sikioni, akafumba macho.

Tak-tak-tak.

Na katikati ya mlio na mlio...

Haaa.

Alifumbua macho. Aliifuta bisibisi kwenye suruali, akairudisha.

Haaa... kisha kimya kidogo... kisha haaa tena. Haikufuata mwendo wa injini. Ilikuwa na mwendo wake, wa pole, mzito. Alikuwa ameusikiliza mwendo wa namna hiyo usiku mwingi, mkewe akiwa hai, amelala ubavuni kwake.

Bibi alizima gari. "Umesikia nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tapeti na roka zimelika, mama. Springi za vali zimelegea."

"Na nini kingine?"

Sikio aliirudisha bisibisi mfukoni. "Vali zinavuja kidogo."

Bibi alimtazama kwa muda, kama anayempima mwanamke aliyekaribia kujifungua. "Haya. Badilisha kilicholika. Ila sharti moja. Ukifungua, funga siku hiyohiyo. Isilale wazi."

"Kwa ajili ya vumbi?"

"Ndiyo," alisema bibi upesi mno. "Vumbi."

*

Vipuri vya gari la umri ule havikai dukani. Sikio alizunguka mpaka akavipata kwa muuza vyuma chakavu mmoja, springi na tapeti mpya kabisa zilizosahaulika kwenye karatasi yenye grisi. Njiani alijicheka. Mtu mzima, fundi wa miaka yote, kuogopa injini inayopumua! Injini zote hupumua. Ndiyo kazi yake.

Mvua ilimchelewesha. Alipofika kwa bibi, alasiri ilikuwa imeshaingia na mabati yalikuwa yanadondosha matone. Bibi alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa banda, mikono mapajani. Sikio alichomoa betri. Ufunguo wa gari alikuwa nao mfukoni. Akafungua kifuniko cha juu cha injini.

Harufu ikampiga usoni.

Haikuwa ya oili iliyoungua. Ilikuwa ya chumba cha mgonjwa. Dawa ya kuchua... shuka zenye jasho... kinywa cha mtu aliyelala muda mrefu.

Alirudi nyuma hatua moja. Bibi hakushtuka. Hata pua hakukunja.

"Lisilobudi hutendwa," Sikio alijiambia, akaendelea. Alilegeza nati moja baada ya nyingine, akainua roka zote kwa pamoja na kuziweka juu ya gunia. Zilikuwa zimechimbika vibaya. Alizoea vyuma vilivyolika kwa kazi. Huwa na ulaini fulani, kama kizingiti cha mlango wa zamani. Hivi havikuwa hivyo. Vishina vya vali vilikuwa na mikwaruzo mirefu ya kushuka chini, kana kwamba kwa muda mrefu kuna kitu kilikuwa kinavivuta kutoka ndani.

Sasa roka zimetoka. Hakuna cha kuibonyeza vali yoyote. Milango yote imefungwa, na springi zimetulia.

Tak.

Sikio aliganda.

Springi ya kwanza ilikuwa inashuka. Polepole. Yenyewe. Chuma ambacho yeye hukishusha kwa kibanio na nguvu za mikono miwili kilijibonyeza mbele ya macho yake, kikabaki chini kidogo, kikapanda.

Haaa...

"Tulia, baba," bibi alisema kutoka kigodani. "Fundi anakutengeneza."

Sikio alimgeukia. "Mama... unaongea na nani?"

"Na mwenye gari."

"Yuko wapi?"

Bibi alinyoosha kidole. Kilielekea kwenye injini.

Sikio alitaka kuondoka. Miguu ilikataa. Au labda si miguu. Labda ni ule uso wa bibi, ambao ghafla ulikuwa umelegea na kuzeeka mara mbili, uso anaouona yeye kila asubuhi kwenye kioo chake.

"Mume wangu alikuwa dereva," bibi alianza. "Aliugua kifua. Siku alipozidiwa nilimwingiza humu nimkimbize hospitali. Nilikuwa nimeshaliwasha. Nilipomgeukia, nikaona anakata roho. Mimi naijua pumzi, mwanangu. Nimepokea za kwanza nyingi. Ya mwisho haifichiki." Alifuta mdomo kwa upindo wa khanga. "Nyanya yangu aliyenifunza ukunga alinifunza na mengine. Akaniapisha nisiyatumie. Nilifungua boneti. Injini ilikuwa inavuta hewa. Nikambeba... sijui nilipata wapi nguvu. Nikaweka kinywa chake pale inapovuta, nikasema yale maneno."

"Mama!"

"Nilisema ni siku moja tu. Nipate kumuaga vizuri. Kesho yake nikasema, nyingine moja. Wewe usingesema hivyo?"

Sikio aliitazama injini. Alijua angesema. Angesema hivyo mpaka ulimi uote sugu. Kama angekuwa na maneno hayo siku ile mkewe alipokata roho wodini, leo naye angekuwa na injini yake.

"Kila jioni namwasha, namsikia anapumua, ndipo napata usingizi," bibi alisema. "Huo ndio uchawi wangu wote. Sasa vyuma vimeanza kulia, simsikii vizuri. Nisaidie."

Tak. Tak.

Zamu hii zilikuwa springi mbili. Kisha, kupitia kwenye mlango mwembamba wa chuma, pumzi ile ilijikunja, ikajisokota, ikawa neno.

"Nifu... ngulie."

Bibi alisimama. Kigoda kilianguka nyuma yake. Siku zote hizo alikuwa akimsikiliza injini ikiwa inanguruma. Hakuwahi kukaa kimya naye.

"Nifungulie... mke wangu... haraka."

"Yeye huyo," bibi alisema. "Sauti yake hiyo. Mbona anasema haraka? Anaumwa?"

"Amechoka, mama," Sikio alisema taratibu. "Tazama vyuma hivi. Havikulika kwa kazi. Amekuwa anahangaika na mlango."

Bibi alikuja, akaweka kiganja chake kikubwa juu ya injini. Alikaa hivyo mpaka matone kwenye mabati yakakoma na banda likaanza kuingia giza. Sikio alimwona akilia bila sauti, kama wanavyolia watu wasio na wa kuwasikia.

"Mtoto akitaka kutoka humzuii," alisema mwishowe. "Ukimzuia unaua wawili. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu hivyo." Alivuta kamasi. "Mfungue."

Sikio alichukua spana, akaiingiza kwenye plagi ya kwanza, ile inayoziba silinda, chumba cha ndani cha injini. Iligoma, kisha ikalegea. Alimalizia kwa vidole. Plagi ilipotoka, hewa ya joto ilipanda kutoka kwenye tundu, ndefu, ndefu, haikwishi. Upindo wa khanga ya bibi uliinuka. Nywele zake nyeupe zilipeperuka shavuni, kama mtu amezipapasa. Bibi alifumba macho.

Na pumzi ile, ikiondoka, ilisema neno moja la mwisho.

"Fungeni."

Kimya.

"Amesema nini?" Sikio alinong'ona.

"Fungeni," bibi alirudia. Hakuelewa. "Amesema tufunge. Tufunge nini, naye ameshatoka?"

Tak.

Wote wawili waliitazama injini.

Tak-tak. Ilikuwa springi ya mwisho, ile ya upande wa nyuma. Haikushuka kwa uzito wa mtu mzima aliyelala. Ilikuwa nyepesi, ya harakaharaka. Kama kidole kinachojaribu kitasa.

"Mama... huyo ni nani?"

Sikio hatasahau jinsi bibi alivyomgeukia. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Sijui," alisema. "Huyo sikumweka mimi."

Tak-tak-tak. Springi ya pili. Ya tatu. Kilikuwa kinakuja mbele, silinda kwa silinda, chumba kwa chumba, kuelekea kwenye tundu lililo wazi. Hapo Sikio akaelewa kila kitu. Bibi alipofungua njia ya kumwingiza mumewe, hakuangalia nani mwingine anaingia nyuma yake. Na yule maskini, miaka yote, hakuwa akihangaika kwa sababu ya uchovu. Alikuwa akihangaika kwa sababu ya mwenzake wa chumbani.

Plagi ilikuwa imemponyoka, imebingirika chini ya gari. Hakufikiri. Aliziba tundu kwa kidole gumba.

Chuma kilikuwa baridi. Kisha kikawa na joto. Kisha kitu laini, chenye unyevu, kikakishika kidole chake kutoka ndani.

Kikaanza kunyonya.

Taratibu. Kwa kubembeleza. Kama mtoto mchanga.

Sikio alipiga ukelele. Bibi alikuwa ameshapiga magoti matopeni, anapapasa chini ya gari. Aliipata plagi, akamtia mkononi. "Nikihesabu tatu, toa!" Sikio hakungoja hesabu. Alichomoa kidole kwa nguvu, kikatoa mlio wa mdomo unaoachishwa ziwa. Akaichomeka plagi, akaikaza mpaka spana ikamuuma kiganjani.

Ndani, kitu kilicheka. Au kililia. Kwa vitu vya namna ile huwezi kujua.

"Springi hizi zimechoka, mama, hazitakishika," Sikio alisema huku anahema. "Lete taa."

Alifanya kazi hiyo kama hajawahi kufanya nyingine. Alizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, ikapanda juu, isibaki nafasi ya chochote chini ya vali. Akabana springi kuukuu, akaitoa, akavisha mpya. Akaenda kwa inayofuata. Kila pistoni ilipopanda, alisikia kitu kikisukumwa, kikijikunyata, kikihamia silinda ya jirani. Bibi alishika taa kwa mkono usiotetemeka. Hiyo ilikuwa mikono iliyozoea damu na vilio vya usiku. Ndiyo iliyomfanya Sikio asikimbie.

Springi ya mwisho ilipokaa, alibonyeza moja baada ya nyingine. Zilikuwa ngumu kama mwamba. Tapeti mpya hakuzigusa, na roka hakuzirudisha. Bila roka hakuna cha kubonyeza vali, na injini isiyobonyezwa vali haitawaka tena maisha. Milango yote imefungwa. Alirudisha kifuniko, akakaza nati, akashusha boneti.

Kukawa kimya kabisa.

"Kimekwisha?" bibi aliuliza.

"Kimefungwa," Sikio alisema. Hakutaka kusema uongo.

Walikaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, giza limeshashuka, macho yao bandani. Hakuna aliyetaka kuligeuzia mgongo lile gari. Bibi alisema kwamba leo, kwa mara ya kwanza, yuko peke yake kweli. Sikio alisema pole. Kisha akasema kwamba mazoea ni shida, lakini mtu haishi kwa kuzoea tu. Alishangaa kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake yeye.

Ndipo sauti ilipotoka bandani.

Haikuwa tak-tak. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya pole, yenye kikohozi kidogo cha mtu wa kifua. Iliita jina. Sikio hakuwahi kulisikia jina hilo, lakini bega la bibi lililogusana na lake liliruka, na akajua ni jina lake la ndani, ambalo mtu mmoja tu alimwita.

"Mke wangu... umenisahau huku."

Bibi alisimama.

Sikio alimdaka mkono. "Mama, huyo si yeye. Yeye ameondoka. Umemsikia mwenyewe."

"Najua," bibi alisema.

Alisema hivyo, lakini hakukaa. Alivuta. Bibi mzee, na alivuta kama ng'ombe anayekwenda majini. Sikio alimkumbatia kiunoni, akajibanza kwenye mwimo wa mlango, wakabaki hivyo, mmoja analia na mwingine anaomba dua anazozikumbuka nusunusu. Sauti ikaita, ikabembeleza, ikakohoa. Mwisho ikakoma.

Sikio alilegeza mikono. Akashusha pumzi.

Kisha bandani mwanamke akaguna, ule mguno wa mtu anayejigeuza usingizini. Akasema, kwa sauti ambayo Sikio hakuwa ameisikia tangu wodini, "Baba, mbona hulali? Njoo basi, upande wako umepoa."

Hakukumbuka alivyosimama. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa ameshafika katikati ya ua, machozi yanamtiririka, anatabasamu, na kuna mikono mikubwa yenye nguvu imemkamata shati kwa nyuma, na sauti ya bibi sikioni mwake inasema bila kukoma, "Si yeye, mwanangu. Si yeye. Si yeye."

*

Walifikiria kulichoma moto. Lakini kulichoma ni kulifungua. Walifikiria kuwapa watu wa vyuma chakavu. Hao nao kazi yao ya kwanza ni kufungua injini. Kulitupa ni kumtupia mwingine. Basi limebaki pale pale bandani, na mlango wa banda umepigwa misumari.

Sikio alihamia kwa bibi. Dada yake alishangaa sana. "Mimi nimekuita miaka yote ukakataa, leo unakwenda kukaa na mwanamke mzee si ndugu yako? Unamlinda?"

"Tunalindana," alimjibu.

Na si uongo. Wanakula pamoja. Wanaulizana wamelalaje. Majirani husema wanafaana kama mama na mwana. Jioni, jua likizama, wanafunga madirisha yote na kukaa sebuleni, wameshikana mikono. Kuna siku sauti humwita bibi, na Sikio humshika. Kuna siku humwita Sikio, na bibi humshika. Haijawahi kuwaita wote wawili kwa pamoja.

Kinachomnyima fundi usingizi ni kingine. Siku hizi bibi hupumzika mara mbili kabla ya kufika jikoni. Usiku Sikio humsikiliza kupitia ukutani, anavyopumua. Pumzi imekuwa fupi, na mikono ile mikubwa, anapoishika jioni, haina tena nguvu ya kumvuta mtu mzima kutoka katikati ya ua.

Bandani nako hilo linajulikana. Maana sauti, siku hizi, ikiita haibembelezi tena kama zamani. Huita mara moja tu, kwa upole, kisha hunyamaza.

Haina haraka.